Tathmini ya maji ya ardhini kabla ya kuchimba handaki la mgodi: maana yake

Tathmini ya maji ya ardhini ni uchunguzi unaofanywa kabla handaki la mgodi halijachimbwa, ili ijulikane maji yaliyomo miambani yanatoka wapi, yanapita njia gani, na yatakwenda wapi mwamba ukishatobolewa. Wengi hudhani swali lake ni idadi ya pampu zitakazohitajika. Hilo ni swali la mwenye mgodi. Tathmini iliyo kamili hujibu pia swali la mwenye kisima anayeishi juu ya handaki hilo.

Kwetu Lubumbashi jambo hili ni zito, kwa kuwa sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Katanga imo ndani au kando ya dolomiti, mwamba ambao maji ya mvua huuyeyusha polepole mpaka ukafanya nyufa, mifereji na hata mapango. Katika mwamba wa namna hiyo wachimbaji waweza kwenda mita mia moja pakavu, kisha baruti inayofuata ikafungua mkondo mzima. Mgodi wa Konkola, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, hutoa zaidi ya mita za ujazo 300,000 za maji kwa siku. Katika mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini, pampu ziliposhindwa mwaka 2011 maji yalipanda hadi takriban mita 850 chini ya uso wa ardhi, na kazi ya kuyashusha ilichukua miaka kadhaa.

Uchunguzi huanza kwa ramani ya miamba na mipasuko yake, kisha hutobolewa mashimo membamba kando ya njia ya handaki. Ndani ya mashimo hayo hufanywa kipimo cha Lugeon, kilichopewa jina la mwanajiolojia wa Uswisi, Maurice Lugeon, aliyekieleza mwaka 1933: kipande cha shimo huzibwa juu na chini, maji husukumwa humo kwa nguvu, na kiasi kinachopotelea mwambani hupimwa. Lita 1 kwa dakika kwa kila mita ya shimo, chini ya shinikizo la bari 10, ndiyo Lugeon 1. Kipimo hicho, hata hivyo, huona eneo dogo tu lililo karibu na shimo. Ndiyo maana hufuatiwa na jaribio la kupampu, ambapo maji huvutwa kutoka shimo moja kwa saa nyingi, mara nyingi siku kadhaa, huku kina cha maji kikiandikwa katika mashimo ya jirani. Maji ya shimo la mbali yakishuka upesi kuliko ya lililo karibu, ni dalili ya mfereji uliofichika, na kwa maoni yangu dalili hiyo ina thamani kuliko wastani wowote utakaokokotolewa baadaye.

Sehemu inayopuuzwa mara nyingi ni visima vya watu. Handaki likianza kuvuta maji, uso wa maji hayo hushuka pande zote kwa umbo la faneli, na faneli hiyo haitambui mpaka wa kibali cha mgodi. Kwa hiyo kila kisima, kila foraji (kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine) na kila chemchemi ya mtaa unaozunguka vinapaswa kupimwa kina na ubora wa maji mapema, tena kwa mwaka mzima usiopungua, maana mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na kisima cha Machi si kisima cha Oktoba. Bila vipimo hivyo, mama ambaye kisima chake kimekauka ataambiwa kuwa ni kiangazi tu, naye hatakuwa na karatasi ya kujibu. Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai utafiti wa athari kwa mazingira na jamii. Hapo ndipo wakazi wanapoweza kuomba kuonyeshwa vipimo vya visima vyao.

Makadirio ya maji yatakayoingia hutolewa kwa kiwango cha chini na cha juu, kisha hurekebishwa kazi ikiendelea: kabla ya kila hatua, wachimbaji hutoboa shimo refu mbele ya uso wa handaki, yaani ukuta wa mwisho unaochimbwa, na likitoa maji mengi, nyufa huzibwa kwa saruji ya majimaji inayosukumwa ndani, ndipo baruti hutegwa.