Je, wajua ni kipi humfanya msikilizaji wa malalamiko dhidi ya polisi asimwogope aliyemteua?

Nilikuwa Masasi, kusini mwa Tanzania, kwa mjomba wangu, magunia ya korosho yakisubiri kupelekwa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, alipouliza swali ambalo nilidhani jibu lake nalijua. Mtu akionewa na askari, akapeleka malalamiko yake nje ya polisi, huyo anayeyasikiliza amewekwa na nani? Nikajibu palepale: amewekwa na Rais, mjomba, na aliyewekwa na Rais hawezi kuwa huru. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na jaji, mpwa wangu, anawekwa na nani?"

Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hata hivyo tumeshaona majaji wakiiamulia Serikali kwamba imekosea, na kesho yake wakarudi kazini kama kawaida. Kama mkono unaoteua ndio unaoamua kila kitu, jambo hilo lisingetokea hata mara moja. Nilikuwa nimelisema kosa langu kwa miaka, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na naamini wengi bado wanalisema.

Tuanze na kilichopo. Tanzania haina chombo cha pekee cha malalamiko dhidi ya polisi tu. Kazi hiyo imo ndani ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa na ibara ya 129 ya Katiba na sheria ya mwaka 2001, ikachukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya miaka ya 1960. Tume hii ina ofisi Lindi, na mlalamikaji anaweza kwenda kueleza kwa mdomo au kwa maandishi.

Makamishna wake huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Jaji Mkuu. Wamo Spika wa Bunge, Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi, na Naibu Mwanasheria Mkuu ndiye katibu. Mwenyekiti wa Tume akitoka upande mmoja wa Muungano, makamu wake sharti atoke upande wa pili. Mwenye cheo katika chama cha siasa hukiacha anapokuwa kamishna. Kamanda wa Polisi wa Mkoa (RPC) hana kauli katika uteuzi huo, jambo ambalo mjomba alilisikia kwa faraja ya wazi. Ila neno "kushauriana" lisomwe kwa makini: anayeshauriwa halazimiki kufuata ushauri.

Sasa uhuru unatoka wapi? Nilimweleza mjomba kwa mzani, kwa kuwa mzani anaujua kuliko mimi.

Chukua makarani wawili wa mizani katika vyama viwili vya msingi. Wote wameajiriwa na mwenyekiti wa chama chao, mkono wa aina ileile. Wa kwanza ana mkataba wa msimu mmoja, na mwenyekiti ndiye atakayeamua kama Oktoba ijayo ataitwa tena. Wa pili ana mkataba mrefu zaidi, lakini ukiisha umeisha. Hata afanye nini hawezi kuongezewa. Siku moja mwenyekiti analeta gunia lake mwenyewe, na limepungua kilo 3. Yule wa kwanza anasoma mzani huku akiifikiria Oktoba. Yule wa pili hana cha kutarajia kutoka kwa mwenyekiti wala cha kupoteza, basi anasoma kilo zilizopo. Wote wawili wanaweza kuwa waaminifu kwa tabia. Tofauti ni kwamba wa kwanza anaulipia uaminifu wake, na wa pili haumgharimu kitu.

Makamishna wetu hukaa miaka 3, na wanaweza kuteuliwa tena kwa kipindi kimoja zaidi. Kenya, kwa mamlaka yake huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ilichagua njia ya karani wa pili: miaka 6, bila kurudia. Majina hupita kwenye jopo la usaili, kisha Bunge huyaidhinisha kabla ya kuapishwa. Njia hiyo nayo ina gharama. Bodi ya kwanza ilimaliza muda wake mwaka 2018 kwa pamoja, na iliyofuata ikaapishwa Septemba. Wote wakiingia siku moja hutoka siku moja, na uzoefu wao huondoka nao.

Mjomba akauliza, na kama mwenyekiti akimfukuza karani mchana, gunia likiwa bado juu ya mzani? Hilo ndilo lililotokea Afrika Kusini. Machi 2015 waziri wa polisi alimsimamisha kazi Robert McBride, mkuu wa chombo kinachochunguza polisi. Septemba 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria iliyompa waziri uwezo huo ilikiuka Katiba. McBride alikuwa ameteuliwa kwa taratibu nzuri kabisa. Udhaifu ulikuwa kwenye mlango wa kutokea, ambao watu hatuuangalii kwa sababu macho yetu yako kwenye ule wa kuingilia. Jaji wetu analindwa hapohapo: hukaa hadi umri wa kustaafu, na kumwondoa kwa kosa kunahitaji tume maalumu yenye majaji kuchunguza kwanza.

Kipo pia kifungu cha kutufanya tuwe waangalifu. Ibara ya 130 inasema Tume haitalazimika kufuata maagizo ya mtu yeyote, kisha inaongeza kwamba Rais anaweza kuipa maelekezo akiona maslahi ya umma yanataka hivyo. Muhula mzuri hauondoi kifungu kama hicho.

Huku kusini hili si jambo la vitabuni. Januari 2022 polisi 7 walishtakiwa Mtwara kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini. Mwezi uliofuata Rais Samia alikataa hadharani polisi wajichunguze wenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Timu ya namna hiyo huundwa tukio likishatokea, na ikimaliza ripoti inavunjika. Kamishna mwenye muhula yupo ofisini kabla mlalamikaji hajafika.

Mjomba alilibeba gunia la kwanza mwenyewe. Njiani aliniuliza nauli ya basi kwenda Lindi ni kiasi gani.