PCOS: mwenzio akipewa dawa tofauti na yako usiogope, na usimtishe

Kuna siku kwenye kliniki yetu ya akina mama hapa Mtwara mjini walikaa wadada wawili benchi moja, mmoja katoka Newala na gari la alfajiri, mwingine wa hapahapa Shangani, hawajuani kabisa ila foleni ikiwa ndefu watu wanapiga stori, wakapiga stori mpaka wakajikuta wote wana PCOS, ule ugonjwa wa homoni unaovuruga hedhi na kupevuka kwa mayai. Basi kila mtu akatoa dawa zake kwenye pochi. Wa Shangani ana vidonge vya majira, wa Newala ana letrozoli. Wa Newala akamwambia mwenzie "shoga hivyo utaharibu kizazi hata hujazaa", na wa Shangani akashika simu akatafuta jina la letrozoli akamwonyesha, "hii ni dawa ya kansa ya matiti, wamekwambia una kansa?"

Walivyoingia kwangu mmoja baada ya mwingine wote wawili walishaamua kuacha dawa. Na kila mmoja dawa aliyopewa ilikuwa ndo sahihi kwake.

Hiki kitu kinaniuma kwasababu nakiona kila mara, na mara nyingi anaemtisha mwenzie sio mtu mbaya, ni dada yake, ni shoga yake, ni wifi, au ni mwenzie mwenye tatizo lilelile ambae ndo angekuwa wa kwanza kumwelewa. Kwahiyo leo naandika kwa wenye PCOS na kwa mnaoishi nao, waume, mama wakwe, makungwi, wote.

Kwanza hilo jina lenyewe, kwa kirefu polycystic ovary syndrome, yaani ovari zenye vifuko vingi, limewapotosha watu. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake 7 ambao hedhi zao zimevurugika na ovari zao zimevimba zina vifuko vifuko, na tangu hapo ugonjwa ukaitwa kwa hivyo vifuko. Sasa mtu anapigwa altrasaundi anaambiwa una vivimbe kwenye ovari, anatoka pale anajua ana uvimbe, anataka operesheni vitolewe, wengine wanauza hadi gunia la korosho kutafutia hela ya operesheni ambayo hakuna aliyemwandikia. Dada yangu, vile sio uvimbe wa kukata. Ni vifuko vya mayai ambayo yalianza kukua yakakwama njiani, hayakupevuka, yakabaki madogo madogo yamejipanga. Tatizo liko kwenye homoni, ovari inaonyesha tu matokeo yake. Kwa wengi mwili unakuwa hauitikii vizuri insulini, ndo ile homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, kwahiyo kongosho inaizalisha kwa wingi, na insulini ikizidi inaisukuma ovari itoe homoni za kiume kupita kiasi. Hapo ndo zinapotokea ndevu, chunusi zisizoisha hata umepita miaka 25, nywele kunyonyoka mbele, na yai kutopevuka na hedhi kupotea miezi. Wengine shingo inakuwa nyeusi nyuma na kwapani, halafu watu wanamwambia haogi vizuri. Huo weusi hautoki kwa dodoki, ni insulini hiyo.

Na sio ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana PCOS, na hadi asilimia 70 yao hawajui. Kwahiyo kwenye kigodoro au harusi yoyote ya Mikindani, Masasi au Lindi mjini humo ndani wapo. Sio jini mahaba, sio laana ya kuvunja mwiko wa unyago, na wala haikuletwa na sindano ya uzazi wa mpango uliyochoma zamani.

Kupima hatutegemei altrasaundi peke yake. Kwa mtu mzima tunaangalia mambo matatu: hedhi isiyoeleweka (toka hedhi moja hadi nyingine zinapita zaidi ya siku 35, au kwa mwaka haifiki mara 8), dalili au kipimo cha homoni za kiume kuwa juu, na ovari zenye vifuko vingi. Ukiwa na mawili kati ya hayo, na tumeshaondoa magonjwa mengine yanayofanana kama ya tezi ya shingo, tunasema ni PCOS. Maana yake kuna mwanamke mwenye PCOS ambae altrasaundi yake ni safi kabisa, na kuna mwenye vifuko kwenye altrasaundi ambae hana PCOS. Mabinti ndo tuwape muda zaidi, aliyevunja ungo mwaka jana hedhi kuruka ni kawaida, na altrasaundi kwa binti hatuitumii kumpa jina la PCOS mpaka ipite miaka kama 8 tangu avunje ungo, maana ovari za mabinti wengi zinaonekana hivyohivyo.

Sasa turudi kwenye lile benchi. Tatizo la dawa zetu za PCOS ni kwamba karibu zote zimeazima jina la kitu kingine. Vidonge vya majira vinajulikana ni vya kuzuia mimba. Metformini inajulikana ni ya kisukari. Letrozoli ilitengenezwa kwa saratani ya matiti. Kwahiyo mwanamke akionekana nazo nyumbani lazima aulizwe, na akiulizwa na yeye hakuelezwa vizuri huko hospitali (na hapo kosa ni letu, tuseme ukweli, dakika tatu za kuandika dawa bila maelezo hazitoshi) basi anaziacha.

Vidonge vya majira kwa PCOS kazi yake ni kupanga hedhi, kushusha zile homoni za kiume, kupunguza chunusi na ndevu. Yule dada wa Shangani ana miaka 23, anasoma, hajaolewa, hatafuti mtoto, kinachomkosesha raha ni uso wake na kukaa miezi mitano bila kuona siku zake. Kwake hiyo ndo dawa. Haiharibu kizazi, akiacha ovari zinarudi kwenye hali yake ya mwanzo, na hiyo hali ya mwanzo ni PCOS yenyewe, ndo maana wengine wakiacha hedhi inapotea tena halafu lawama inaenda kwenye kidonge. Ila sio kila mtu anaruhusiwa, mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli kabla kichwa hakijaanza, anaenyonyesha mtoto mchanga, hao tunawatafutia kingine. Kwahiyo usiazime vidonge vya dada yako, sema ukweli kwa anaekuandikia.

Yule wa Newala ana miaka minne kwenye ndoa na anatafuta mtoto. Kwake vidonge vya majira vingekuwa kumrudisha nyuma. Letrozoli inatumika siku 5 tu mwanzoni mwa mzunguko, inashusha kidogo estrojeni, ile homoni ya kike, ubongo unastuka unapeleka amri kwa ovari, yai linapevuka. Hana kansa yoyote. Miongozo ya kimataifa ya PCOS, ya karibuni ni ya 2023, inaiweka ndo chaguo la kwanza la kupevusha mayai, mbele ya klomifeni ambayo wengi mnaijua zaidi. Na wengi wenye PCOS wanapata watoto, wengine kwa dawa wengine bila dawa yoyote, kwahiyo kama hutaki mimba usijiachie ukadhani PCOS ni uzazi wa mpango, hapana, siku yai likijipevukia lenyewe utashangaa.

Metformini inasaidia mwili uitikie insulini. Mwanzoni inasumbua tumbo, kuharisha, kichefuchefu, ndo maana tunaanza na dozi ndogo na unakunywa na chakula. Ukiona mkeo anaitumia usitangaze mtaani ana kisukari. Na wale wanaosema hawataki kemikali wanataka miti tu, niwaambie metformini asili yake ni utafiti wa mmea mmoja wa Ulaya unaitwa galega. Mimi sina ugomvi na miti. Ugomvi wangu ni chupa ambayo hujui ndani kuna nini na kipimo gani, na hasahasa hivi vinavyouzwa kwenye mastatus, vya kusafisha kizazi, vya kuweka ukeni vivute uchafu. Kizazi cha mwenye PCOS hakina uchafu wa kuvutwa. Vinaunguza, vinaleta maambukizi, na maambukizi yakipanda juu yanaziba mirija, mtu alikuja na tatizo linalotibika kwa kidonge anapata la pili gumu kuliko la kwanza.

Halafu wapo wanaochagua kutotumia dawa kabisa, na hao pia wana haki yao. Dada wa Tandahimba aliwahi kuniambia, dokta mi ndevu hazinisumbui nanyoa, watoto wangu watatu wanatosha, sitaki kumeza kitu kila siku. Sawa. (Na kunyoa hakuzidishi ndevu, hilo ni la kudanganyana tu, nyoa na wembe wako mwenyewe.) Nilichomwomba ni vitu viwili tu ambavyo kwangu sio vya hiari. Cha kwanza, asikae zaidi ya siku 90 bila kuona hedhi wakati hatumii dawa ya uzazi wa mpango, hana mimba na hanyonyeshi. Ule ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaendelea kujengeka bila kubomoka, miaka ikipita hivyo unaweza kugeuka saratani. Zipo dawa za homoni ziitwazo projestojeni, za siku chache, unameza, unableed, ukuta unashuka. Cha pili, apime sukari na presha hata kama anajiona mzima, sababu PCOS inasogeza kisukari karibu, na ukibeba mimba kisukari cha mimba na presha vinakuja kirahisi zaidi, kwahiyo kliniki anza mapema usisubiri tumbo lionekane.

Kuhusu chakula na uzito hapa ndo tunawaumiza sana wanawake. Kuna wembamba wana PCOS, kumwambia "pungua" ni kumkejeli. Mwenye uzito uliozidi kweli kupungua kidogo kunasaidia, mwenye kilo 80 akipungua kilo 4 tu mwili unaweza kuanza kuitika na hedhi ikarudi, ila insulini hiyohiyo inafanya kupungua kuwe kugumu kwake kuliko kwako wewe unaemcheka. Na mwanamke anaepalilia mikorosho tangu saa 12 asubuhi usimwambie akafanye mazoezi, ameshafanya. Mwambie apunguze soda, sukari ya kwenye chai na lile bonge la ugali wa muhogo, aongeze mbaazi, choroko, kisamvu, samaki, vitu ambavyo huku kwetu vipo na sio vya duka la dawa. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ale tu, kwa kiasi. Hakuna chakula kinachoponya PCOS moja kwa moja, akija mtu anakuuzia unga wa kuponya PCOS kwa siku 21 muulize kwanini hospitali zote duniani hazijausikia.

Waume. Mimba ina watu wawili, kabla hatujampa mkeo dawa ya kupevusha mayai miezi sita tunahitaji na wewe upime mbegu, kipimo hakiumi, ni kikopo tu. Nimeona mwanamke anazungushwa hospitali za Ndanda, Nyangao, Ligula, faili limekuwa nene, mume hajawahi kukanyaga hata getini, na kwao wameshaanza kumtafutia mke wa pili. Siku ya kupima njoo nae. Mama mkwe, swali la "mbona kimya" naomba uliache, anaelia usiku chumbani ni huyo mke wa mwanao na sisi tunajua, wenye PCOS huzuni na wasiwasi vinawapata zaidi ya wengine na sio udhaifu wa imani.

Na makungwi, nyie ndo mnasikia kabla yetu. Binti akikwambia ana miaka mitatu tangu avunje ungo na hedhi inakuja mara mbili kwa mwaka, usimtafutie dawa ya kuchemsha, mlete.

Wadada wa vikundi vya PCOS mnaopeana moyo, endeleeni, ila mkimjibu mwenzenu anzeni kwa kumuuliza: wewe saiv unatafuta nini? Mtoto, ngozi, hedhi ieleweke, au amani tu? Jibu la hilo likibadilika mwaka kesho na dawa inabadilika, na sio kwamba alidanganywa mwanzo.

Wale wawili wa kwenye benchi niliwaita pamoja, kwa ruhusa yao, nikawaeleza yote haya na dawa zao ziko mezani. Wakaondoka na namba za simu za kila mmoja. Wa Newala anasubiri malipo ya mnada wa korosho aje kurudia kipimo na mumewe, nimemwambia wakati anasubiri aweke alama kwenye kalenda kila siku anayoona damu, hata tone. Na wewe unaekuja mara ya kwanza fanya hivyohivyo, alama za miezi mitatu, na dawa zote ulizowahi kutumia zibebe kwenye mfuko, hata za mganga, hatutakugombeza.