Mkutano wa Wakuu wa Nchi za Afrika Mashariki na usalama wetu wa pamoja

Marais wa Afrika Mashariki wakikutana, swali tunaloulizana hapa Kisumu ni lile lile: wamekubaliana nini, na kitatufikia lini? Ni swali la haki kabisa. Jibu lake linategemea kile kikao chenyewe ni cha namna gani.

Mkutano wa Wakuu wa Nchi ndicho chombo cha juu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uliwekwa na Mkataba ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Leo wanachama ni 8, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia, mwaka 2024. Wakuu hukutana angalau mara moja kwa mwaka, uenyekiti huzunguka kwa zamu, na rais yeyote kati yao anaweza kuomba kikao cha dharura. Kukagua hali ya amani na usalama si hisani yao. Kifungu cha 11 cha Mkataba kimewapa kazi hiyo.

Usalama wa pamoja maana yake shida ya nchi moja huhesabiwa kuwa ya zote. Huku magharibi hilo halihitaji ushahidi mrefu. Bunduki zinavuka mpaka wa Uganda na kuishia kwenye wizi wa mifugo Pokot na Turkana. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ukiwaka moto, dereva aliyevusha lori lake Malaba au Busia hana pa kushusha mzigo.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui: wakuu hawapigi kura. Huamua kwa maafikiano, kwa hiyo mmoja akikataa, shauri limekwama. Wala Mkutano hauna jeshi lake. Askari ni wa nchi zinazokubali kuwatoa.

Kongo ilituonyesha hayo waziwazi. Aprili 2022 viongozi wa kanda walikutana Nairobi na kukubaliana kuunda kikosi cha pamoja. Novemba wanajeshi wa Kenya wakatua Goma, na baadaye wakaja wa Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Serikali ya Kongo huko Kinshasa ilitaka kikosi kipigane na waasi wa M23. Makamanda walijiona wamekuja kusimama katikati na kusimamia waasi waondoke. Tofauti hiyo haikumalizwa mezani, ikawafuata askari hadi uwanjani. Muda haukuongezwa, na Desemba 2023 wakafunga virago. Januari 2025 M23 wakaiteka Goma. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya waliketi Dar es Salaam pamoja na wenzao wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakadai mapigano yakome.

Ndiyo maana taarifa ya pamoja ikitoka, mimi huruka salamu na pongezi. Natafuta nani anatoa askari, nani analipa, wana amri ya kufanya nini na mpaka lini. Yasipokuwepo hayo, bado hakuna uamuzi wa kutekelezwa, hata picha ya viongozi ipendeze vipi.

Na mwananchi ana pa kuuliza. Kila nchi ina wabunge 9 wa kuchaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, na wa Kenya huchaguliwa na Bunge letu la Nairobi. Mvuvi wa Dunga hapa Kisumu anayeogopa kukamatwa ziwani, au mwenye lori Busia, ana haki ya kutaka hao 9 waeleze maazimio ya mwaka jana yamefika wapi.