Supachaja kwenye injini ya 1FZ-FE: hesabu ya hewa, joto na mafuta

Katika gereji yangu hapa Muscat, pikapu ninayoulizwa zaidi kuhusu supachaja (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) ni Land Cruiser FZJ79 yenye injini ya petroli ya 1FZ-FE: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 4,477, vali 24, na cheni badala ya mkanda wa taimingi. Ilitoka kiwandani na nguvu farasi 212 kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika, na kwa barabara ya lami nguvu hiyo inatosha kabisa. Tatizo ni mchanga wa Sharqiya, mashariki mwa Oman, ambako dereva anahitaji msukumo akiwa kwenye mizunguko 2,000, wakati magurudumu yameshaanza kuzama, wala hana nafasi ya kusubiri. Ndiyo sababu kwa gari la mchangani napendelea supachaja kuliko turbo, kwa kuwa huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini) na, tofauti na turbo, haingoji moshi wa ekzosi upate kasi. (Wapo pia wanaoitaka kwa ajili ya mluzi wake tu, nami sioni aibu kuwahudumia.)

Watu wengi hudhani kwamba supachaja ya rota, ambayo ndiyo ninayozungumzia hapa, hutengeneza mgandamizo ndani yake. Sivyo, inachofanya ni kusukuma hewa nyingi kuliko injini inavyoweza kumeza, na ile inayobaki ndiyo inayojibana kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Chukua Eaton M90, ambayo husukuma takriban lita 1.5 kwa kila mzunguko wake. Puli zikipangwa ili izunguke mara mbili kila krenki inapozunguka mara moja, itasukuma karibu lita 3, lakini kwa sababu ya uvujaji kati ya rota na ganda, tuhesabu lita 2.5. Injini yenyewe, kwa kuwa ni ya mipigo minne, hunyonya nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko, yaani lita 2.24, na kwa uhalisia haizidi lita 1.9 hivi. Gawanya 2.5 kwa 1.9 utapata 1.3, ambayo ni sawa na mgandamizo wa ziada wa takriban bar 0.3. Mteja anayetaka zaidi hubadilishiwa puli ya supachaja kwa ndogo zaidi, na ni hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Hewa ikibanwa hupata joto, na supachaja za rota hupasha hewa kuliko turbo nzuri. Kwa bar 0.4, hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 45, ambalo ni joto la kawaida huku mwezi wa Juni, hutoka ikikaribia nyuzi 100. Hewa ya namna hiyo ikikutana na kompresheni ya 9 kwa 1 (kiasi ambacho pistoni huibana tena ndani ya silinda), petroli inaweza kuwaka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia, na huko ndiko kugonga kwa injini kunakosikika kama kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Kwa hiyo mimi hubadilisha plagi na kuweka za baridi zaidi (zinazopoa haraka) kwa daraja moja, hurudisha nyuma taimingi ya cheche kadiri mgandamizo unavyopanda, na humtaka mwenye gari atumie petroli ya oktani 95 au 98 bila kujadiliana. Juu ya bar 0.4 siendi bila kipoza hewa inayoingia kwenye injini (intakula).

Upungufu wa petroli ndio unaoua injini nyingi. Kompyuta ya kiwandani haikuandikiwa hesabu za hewa iliyosukumwa, na nozeli zinazonyunyiza petroli zilipimwa kwa nguvu za asili. Ukilenga nguvu farasi 275, kila nozeli inapaswa kuweza kumwaga takriban sentimita za ujazo 330 kwa dakika, na pampu ya petroli ilingane nayo. Chini ya mgandamizo nalenga gramu 11.5 hadi 12 za hewa kwa kila gramu ya petroli, wakati uwiano wa kawaida ni 14.7, kwani petroli ya ziada husaidia kupoza chumba cha mwako. Niliwahi kuletewa pikapu iliyofungwa supachaja kwingine bila kuguswa nozeli wala kompyuta. Ilikwenda vizuri kwa wiki chache, kisha ikapanda kilima kirefu cha mchanga gia ya pili, na nilipofungua silinda hedi, nilikuta ukingo wa pistoni umeyeyuka kama mshumaa. Fundi aliyeifunga alikuwa ameokoa bei ya nozeli 6.

Mkanda nao una lake. Mikanda ya asili yenye umbo la V huteleza mzigo unapozidi, na supachaja peke yake hula takriban kilowati 10 injini ikiwa kasi ya juu. Hivyo mimi huchonga puli ya krenki kwa ajili ya mkanda wa mistari mingi.

Lakini kabla ya kununua chochote, napima kompresheni ya silinda zote 6 injini ikiwa ya moto, kisha napima uvujaji wake kwa hewa. Silinda moja ikitofautiana na nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, kazi inasimama hadi injini ifanyiwe ovahoo. Kwenye 1FZ-FE naangalia zaidi gasketi ya hedi kuelekea silinda ya 6, iliyo nyuma kabisa, na ule mpira mfupi wa maji ya hita uliojificha chini ya manifoldi. Mpira huo haugharimu kitu, ila kuufikia kunachosha, kwa hiyo mafundi wengi huuacha uzeeke. Ukipasuka mchangani, maji huisha kabla mshale wa joto haujakuambia lolote, na injini yenye supachaja haitasamehe dakika hata moja. Mimi huubadilisha kila ninapofungua manifoldi, uwe umechoka au haujachoka, na gharama yake siiandiki kwenye bili.