Lincoln na Barua Mbili za Safari Moja

Septemba 1841, Abraham Lincoln, wakili wa miaka 32 ambaye baadaye angekuwa rais wa Marekani, alikuwa akirudi Illinois kwa meli ya mvuke kutoka Louisville. Melini mlikuwa na watumwa 12 walionunuliwa huku na huko Kentucky, wakipelekwa shambani kusini. Walifungwa sita sita, kila mmoja na pingu ndogo kwenye mkono wa kushoto iliyoshikizwa kwenye mnyororo mkuu. Akimwandikia Mary Speed, dada wa kambo wa rafiki yake Joshua, Lincoln aliwafananisha na samaki kwenye mshipi wa ndoana nyingi. Kisha akaongeza kwamba hakuna waliochangamka melini kama wao: mmoja akipiga fidla, wengine wakiimba na kucheza karata.

Mwaka 1855 alimkumbusha safari hiyohiyo Joshua Speed, rafiki aliyekuwa naye melini. Fidla haimo tena. Safari hii anasema kuwaona watu wale kulimtesa mfululizo.

Tunapofundisha habari za Lincoln huanza na barua hizi, kwa sababu wengi humjua akiwa sanamu tu, mkombozi tangu kuzaliwa. Kweli, tangu 1837 alikwisha kutamka bungeni Illinois kwamba utumwa ni dhuluma. Lakini kuuchukia utumwa ni jambo moja, na kumkubali mtu mweusi kuwa raia mwenzako ni jingine. Hilo la pili lilimchukua muda mrefu. Mwaka 1858, akigombea useneta, aliuambia umati mjini Charleston, Illinois, kwamba haungi mkono watu weusi kupiga kura. Agosti 1862, akiwa rais, aliwaita wajumbe watano weusi Ikulu akawashawishi wawaongoze wenzao kuhamia Amerika ya Kati. Wakati huo rasimu ya Tangazo la Ukombozi, la kuwaweka huru watumwa, alikuwa nayo tayari!

Tangazo lenyewe, la tarehe 1 Januari 1863, liligusa tu maeneo ya waasi, yaani ya majimbo ya kusini yaliyojitenga na kupigana na serikali yake. Kentucky, alikozaliwa, haikujitenga, kwa hiyo haikuguswa. Ila lilifungua milango ya jeshi, na wanaume weusi wapatao 180,000 wakavaa sare. Nadhani hao ndio waliombadilisha kuliko hoja yoyote.

Tarehe 11 Aprili 1865, akihutubia kutoka dirisha la Ikulu, alisema angependa wanajeshi weusi, na wenzao wenye akili sana, wapewe kura. Chini, katikati ya umati, alikuwepo John Wilkes Booth, mwigizaji aliyewaunga mkono waasi. Siku tatu baadaye Booth alimpiga Lincoln risasi na kumuua.