Jasho si mafuta yanayoyeyuka

Anayeanza mazoezi huwa na haraka ya kuona dalili. Akilowa jasho, anafurahi. Akiamka kesho yake hawezi kushuka ngazi, anasema mazoezi yamekubali. Mizani ikishuka kilo mbili, anatangaza. Na hizo dalili tatu ndizo zinazodanganya kuliko zote.

Tuanze na jasho. Utamwona mtu anakimbia juani kavaa sweta zito, tumboni kajifunga nailoni, eti ayeyushe kitambi. Jasho ni maji na chumvi kidogo, na kazi yake ni kuupoza mwili. Pima uzito kabla na baada ya kukimbia: umepungua kweli. Kunywa maji ya kutosha, pima tena: umerudi palepale. Nailoni inakuongezea hatari ya kuzidiwa na joto tu. Hata kujikunja tumbo mara mia kwa siku hakuchomi mafuta ya tumboni peke yake. Misuli ya hapo itakaza, lakini mwili huchota akiba ya mafuta kotekote, kwa mpangilio wake wenyewe.

Dhana nyingine: pasipo maumivu hujafanya kitu. Yale maumivu ya siku ya pili hadi ya tatu yanatokana na michubuko midogo kwenye misuli isiyozoea kazi. Asidi ya laktiki, ambayo misuli huitoa ikifanya kazi ngumu, inasingiziwa, kwani hiyo huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Kadiri unavyozoea, maumivu hupungua huku nguvu zikiongezeka. Goti likichoma ghafla au kifua kikibana, hayo ni mengine: acha, kamwone daktari.

Mizani ndiyo inayowavunja watu moyo zaidi. Mtu anapunguza wanga, wiki ya kwanza kilo mbili zimeondoka, anadhani ni mafuta. Sehemu kubwa ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga, iitwayo glikojeni, kwenye ini na misuli, na kila gramu hukaa na takriban gramu 3 za maji. Akiba ikitumika, maji hutoka nayo. Siku akila kama zamani, maji yanarudi, naye anaapa kwamba mwili wake haupungui. Mimi hupanda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na bado naamini zaidi tundu la mkanda wa suruali.

"Nimefanya mazoezi, leo nakula nitakacho." Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa hutumia kalori kama 150. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kama 120. Hesabu umeiona.

Hatua 10,000 kwa siku nazo hazikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ikapendeza, ikabaki. Shirika la Afya Duniani linahesabu dakika: kwa mtu mzima, 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Zamani lilitaka kila awamu ifike angalau dakika 10. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata ngazi ulizopanda leo kwa dakika tatu zimo.