Wajibu wa Pamoja wa Wilaya za Shule katika Elimu Maalumu

Shule za umma nchini Marekani huendeshwa na wilaya za shule, yaani mamlaka za mitaa zinazosimamia shule za eneo fulani, na sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1975 na kuitwa IDEA tangu 1990, inaitwika kila wilaya mzigo mzito: kuwatafuta watoto hao, kuwafanyia tathmini kwa ridhaa ya wazazi, kuwaandalia mpango binafsi wa elimu unaopitiwa upya walau mara moja kwa mwaka, na kuwapa elimu inayowafaa bila malipo.

Wilaya ndogo ya mashambani yenye mtoto mmoja kiziwi haina uwezo wa kumwajiria mtoto huyo mwalimu wa peke yake. Kwa sababu hiyo wilaya jirani huungana, zikachanga fedha na kuajiri kwa pamoja wanasaikolojia, wataalamu wa matamshi na walimu wa viziwi au wasioona. Huko California miungano hiyo huitwa SELPA, na hakuna wilaya inayoruhusiwa kubaki nje ya mpango huo, ingawa iliyo kubwa inaweza kuwa SELPA peke yake. New York wana miungano ya aina hiyo iitwayo BOCES. Ukata nao unachangia wilaya kuungana, kwani serikali ya shirikisho iliahidi tangu mwanzo kufikia asilimia 40 ya wastani wa gharama za kumsomesha mwanafunzi, na haijawahi kufika hapo.

Linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba wilaya ikishirikiana na wenzake imejivua wajibu. La hasha. Wilaya zilizojiunga rasmi ili kupata fedha za IDEA huwajibika kwa pamoja kuhusu programu zinazoendeshwa kwa fedha hizo, na mtoto aliyepelekwa na wilaya yake kusoma kwenye programu ya jirani kwa kawaida hubaki chini ya dhamana ya wilaya anakoishi. Huduma iliyoandikwa kwenye mpango wake isipotolewa, mzazi ana haki ya kuidai kwa wilaya hiyo anakoishi. Kwa mtoto ambaye wazazi wenyewe wamempeleka shule binafsi hali ni tofauti, maana jukumu la kumtambua na kumtathmini huwa la wilaya ilipo shule hiyo.

Mzazi asiyejua Kiingereza, wakiwemo wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili, anastahili mkalimani katika kikao cha mpango wa mwanawe, na kumtafuta mkalimani huyo ni kazi ya wilaya, si ya mzazi.